Sakafu Iliyosema Bu

Ko. Ko. Ko. Halafu, bu.

Sauti hiyo bado ninayo. Nimezeeka, majina ya majirani yananiponyoka, miwani naitafuta na huku nimeivaa, lakini nikifumba macho tu naisikia vilevile: mpini wa ufagio ukigonga saruji iliyokauka, ko, ko, ko, imara kama mlango wa mvule, kisha hatua moja karibu na dirisha, bu. Kama mtu ameitikia kutoka chini.

Nyie vijana mnaomwaga sakafu siku hizi kwa mpira na pampu, uji ukajitandaza wenyewe nyie mmeshika kiuno, mnanicheka nikija na fimbo yangu kwenye nyumba zenu mpya. Chekeni, mwaya. Hata mimi nilikuwa mchekaji mkubwa. Ila leo kaeni kidogo niwaeleze tulivyochagua sakafu ya chumba kimoja pale Small Heath, mtaa wa Birmingham, na kwa nini mpaka leo siwekei mguu sakafu yenye joto kabla sijaisikiliza.

Nilifika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini, msichana wa darasa la saba kutoka Mombasa, nije kumsaidia dada yangu Mwanaisha na mumewe Salim. Shemeji Salim alikuwa kondakta wa basi. Mimi kazi sikuwa nayo, nilikuwa na ndoto tu. Nilichora nyumba. Nilizichora popote: nyuma ya kalenda, kwenye karatasi za mifuko ya sukari, nyumba zenye madirisha makubwa na vibaraza ambavyo katika baridi ile visingekaliwa na mtu hata siku moja.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba namwita dada kwa sauti yangu ya kwetu, mara nikasikia mtu juu ya ngazi, nyumba ya pili, anapiga kelele: "Nani huyo? Nani anasema lugha ya nyumbani?" Karibu aanguke. Huyo ndiye Fundi Mohinder, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, baba yake fundi na babu yake fundi. Kilemba chake kimejaa vumbi la saruji mpaka hujui rangi yake halisi. Aliteremka, akanipa mkono juu ya ukuta, akaniuliza habari za Mombasa kana kwamba ni shangazi yake mgonjwa.

Yeye ndiye aliyenipa kazi. Kuchekecha mchanga na kupika chai. Wanawake hawakuonekana kwenye ujenzi siku hizo, basi Waingereza walipouliza huyu nani, Fundi akawajibu, "Mtoto ya ndugu yangu." Wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, wakaamua kutouliza zaidi.

Nawaambia habari ya chai kwa sababu mtaihitaji mbele. Kwenye kazi kulikuwa na kelele za kila namna: mashine ya kuchanganya saruji, nyundo, misumeno, redio. Mtu akiitwa kwa jina hasikii. Lakini kulikuwa na neno moja lililosimamisha kila kitu. Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi: "Chai!" Hata aliyekwisha kuinua nyundo aliishusha polepole. Waingereza, Wairish, Wapunjabi, wote walilijua kwa lugha yangu. Neno hilo nililiita mara nyingi mpaka likawa linatoka kabla sijafikiri.

Sasa hii sakafu yenyewe. Kule Newtown, mtaa mwingine wa mji ule, walikuwa wanajenga maghorofa ya halmashauri, na nyingi katika nyumba zile zilipashwa joto kwa chini. Waya wa umeme unatandazwa juu ya zege, unakwenda na kurudi kama nyoka aliyepotea njia, kisha juu yake linawekwa tabaka la saruji na mchanga. Tabaka hilo sisi tuliliita skridi. Umeme ulikuwa rahisi saa za usiku, na saa chache za alasiri. Basi skridi inakunywa joto wakati umeme ni rahisi, halafu inalitoa taratibu mchana kutwa. Mara ya kwanza kukanyaga sakafu ya namna ile nilisimama pale pale na viatu mkononi, nikasema hapa ndipo nitakapokufa.

Lakini umeme niliuogopa. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama akirushwa na pasi. Hakuumia sana, alicheka hata, lakini ile sura yake kabla ya kucheka haikunitoka. Kwa hiyo nilipotembea juu ya zile nyaya, kwenye mbao tulizotandika ili tusizikanyage, nilitembea nikisoma Ayatul Kursi, na wenzangu walidhani naimba.

Fundi Mohinder ndiye aliyegundua kwamba nina masikio. Skridi ikishakauka lazima igongwe yote, kona kwa kona. Palipo pazuri panasema ko. Palipo na uwazi chini panasema bu. Na uwazi juu ya waya ni jambo baya: waya unataka saruji iukumbatie, ichukue joto lake. Ukiukuta uko peke yake ndani ya hewa, joto halina pa kwenda, waya unajichoma. Fundi alikuwa amegonga nyundo maisha yake yote, sikio moja lilikuwa halisikii tena. Basi akanipa mpini wa ufagio. "Wewe gonga, mimi nitaangalia sura yako," aliniambia. "Sura yako haiwezi kuficha kitu."

Msidhani alikuwa hakosei. Kuna bibi mmoja wa Hodge Hill alitaka sakafu nzuri ya jikoni, yenye joto. Fundi akashikwa na hamu ya kwao. Mnajua kule nyumbani sakafu haijaisha mpaka ipigwe niru, ile saruji tupu laini ya juu yenye rangi nyekundu, inasuguliwa mpaka unajiona uso. Akaipiga. Bibi wa watu akalia kwa furaha. Ikaja baridi, joto likafunguliwa, na ile niru ikaanza kubanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Kila asubuhi bibi anafagia vipande vyekundu. Fundi alirudi kuing'oa yote akiwa amepiga magoti, anajitukana kwa Kipunjabi, na mimi nikaambiwa nisitafsiri, kana kwamba nilikuwa nakijua. Kumbukeni hilo: sakafu yenye joto inapumua, inatanuka na kunywea kila siku. Usiivishe nguo inayobana.

Basi, dada Mwanaisha akajifungua kabla ya siku zake.

Mtoto alikuwa mdogo, nawaambia, kama boflo. Walimweka hospitali ndani ya sanduku la kioo, na sisi tukamtazama kupitia dirishani. Akaitwa Rehema. Nesi wa mtaa, Mwingereza mnene mwenye sauti laini, akaja kukagua nyumba. Akashika kuta. Akapuliza pumzi yake na sote tukaiona ikitoka kama moshi. Akasema mtoto akishaongezeka uzito ataruhusiwa kuja, lakini aje kwenye chumba chenye joto na kikavu, joto lisilopanda na kushuka. Kisha akauelekezea kidole ule mtungi wetu wa mafuta ya taa, wa kuotea moto, uliokuwa katikati ya sebule. "Na huo usiwe karibu naye."

Hakuhitaji kutueleza. Mtaa wa nyuma yetu nyumba moja ilikuwa imeungua kwa mtungi kama huo. Uliangushwa tu, na mtoto wao alikuwa ndani. Dada alikuwa akimfahamu mama yake. Tangu siku hiyo alikuwa hawezi kulala mpaka ashuke kuugusa ule mtungi ahakikishe umezimwa.

Chumba cha nyuma, chini, mbao zake za sakafu zilikuwa zimeoza. Salim akasema zing'olewe, tuweke sakafu ya Newtown. Jioni hiyo wakakaa jikoni, yeye na Fundi Mohinder, mimi namimina chai.

"Fundi, niwekee nyembamba," Salim akaanza. "Nyembamba itapata moto upesi. Nawasha, mara chumba kimewaka."

"Bwana Salim, wewe iko mtu ya basi, unapenda kila kitu iende upesi." Fundi alichovya biskuti. "Skridi nyembamba iko kama chapati. Inaingia joto saa hiyo, inatoka saa hiyo. Saa nne asubuhi mtoto yako analala juu ya barafu. Mimi nitaweka nene, kama mkate. Mkate unakaa na joto ndani."

"Na itakauka lini hiyo nene?"

"Itakauka ikikauka."

"Hilo si jibu, Fundi!"

"Hiyo ndiyo jibu moja tu mimi niko nayo." Akanigeukia. "Mwambie, Zuhura. Mchanga gani?"

"Ule mkali," nikasema. "Wenye chenga, unaokwaruza mkono. Ule laini wa plasta ni wa ukutani, sakafuni unapasuka."

"Na maji?"

"Ukiufumbata, ushikane kama unga wa vileja. Ukidondosha maji, umezidi. Ukimwagika, haukufika."

Salim akacheka. "Huyu shemeji yangu alikuja kupika, sasa ananipikia nyumba."

Dada Mwanaisha alikuwa akitusikiliza. Alikuwa amekaa karibu na dirisha amejishika tumbo, kama vile mtoto bado yumo. Akauliza swali moja tu. "Fundi, umeme utakuwa chini ya kitanda chake?"

"Ndiyo, mama."

"Hautamfikia?"

"Ukifunikwa vizuri, mama, hautamfikia."

Neno alilolishika dada ni lile la *vizuri*. Nililiona likimwingia.

Tukaiweka. Nene, mchanga mkali, na pembeni kote kuzunguka ukuta tukaacha ufa tukaujaza ubao laini, ili sakafu ikitanuka isisukume nyumba. Nilifumbata kila kundi la mchanganyiko kwa mkono wangu. Fundi alikuwa na kisanduku cha kupimia, chenye mkono wa kuzungusha. Unakizungusha grrr, sindano inapanda, ndipo unajua ngozi ya waya ni nzima. Aliupima waya kabla, akaupima tukiwa katikati, akaupima mwisho. Sindano ikapanda kila mara, na kila mara nikapumua. Tukafunika kwa plastiki nene.

"Isiguswe," Fundi akasema mlangoni. "Wiki ya kwanza ikae na plastiki, baadaye mimi nakuja kufunua, ipumue yenyewe. Umeme hapana. Mpaka mimi niseme." Tukaenda zetu kwenye kazi nyingine.

Hapo ndipo palipokuwa na shimo, vijana wangu, na halikuwa kwenye saruji. Fundi alidhani neno "isiguswe" limemaliza kila kitu. Hakuuliza watu wa nyumba ile, kwao sakafu mpya hutunzwaje. Mimi nilikuwa naishi humo humo, na sikufikiri kuuliza jambo ambalo nilizaliwa nikiliona.

Siku nazo zikaenda. Mvua ikatushika kwenye kazi ile nyingine, Fundi akachelewa kurudi kufunua. Hospitalini mtoto akaanza kunyonya vizuri. Siku moja wakasema Ijumaa anaweza kuja nyumbani.

Alasiri ile Fundi akaniambia, "Nenda nyumbani mapema, kasikilize ile sakafu. Kisha rudi unipe sura yako." Nikachukua mpini wangu wa ufagio, nikapanda basi, furaha imenijaa, maana njiani nilikuwa nimeshachora kitanda cha mtoto, pazia, na ndege wa karatasi wa kuning'iniza juu yake.

Nyumba ilikuwa kimya. Dada alikuwa juu amepumzika. Nikaingia chumba cha nyuma, nikafunga mlango baridi isitoke ukumbini. Nikaanza kugonga juu ya plastiki. Ko, ko. Nzuri. Ko, ko, ko. Nzuri kabisa. Nikapiga magoti nisogee kwenye dirisha, pale ambapo dada alikuwa ameshapachagua kuweka kitanda.

Bu.

Nikarudia. Bu. Nikaweka kiganja chini, ukingoni mwa plastiki, ili nigonge kwa karibu, na kiganja kikalowa. Nikatazama magoti yangu. Sketi ilikuwa imelowa chapachapa. Nikainua ukingo wa plastiki, na maji yakatembea. Yalikuwa yamelala pale, safi, yametulia, yanajaza ule ufa wa pembeni mwote, kama mfereji mdogo. Na pale kwenye ufa, chini ya dirisha, ndipo waya wetu ulipoingia sakafuni.

Ndipo nikasikia viatu vya Salim ukumbini. Kisha mlango wa kabati la swichi, ule uliokuwa chini ya ngazi. Ulikuwa na mlio wake.

"Nani yuko huko nyuma?" akaita. "Shemeji? Toka humo, nataka kuwasha. Saa ya umeme rahisi imefika. Ijumaa hiyo imekaribia, bwana, sakafu haikauki kwa kutazamwa!"

Nilitaka kusema usiwashe. Nilitaka kusema maji. Nilikuwa nimepiga magoti ndani yake, kiganja kimo ndani yake, na mdomo ukafunguka bila kutoa kitu. Niliiona ile sura ya mama na pasi. Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka ulimi ukawa wa mtu mwingine. Nikavuta pumzi, na kikatoka kitu kimoja kilichokuwa kimezoea kutoka:

"CHAI!"

Mlango wa kabati ukalia tena, ukafungwa.

"Chai?" Salim akasema huko nje. Nikasikia hatua. Mlango ukafunguka, naye amesimama, kofia ya ukondakta bado iko kichwani. "Wewe mtoto una wazimu? Chai saa..." Akaona. Aliangalia sketi yangu, akaangalia maji, akaangalia mkono wake wa kulia kama vile haukuwa wake. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye kizingiti.

Salim akaenda kumwita Fundi Mohinder, naye akaja mbio, pumzi zinampita. Akafunga kisanduku chake kwenye waya, akazungusha. Grrr. Sindano haikuinuka. Akazungusha tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayejaribu kuamsha mtu. Sindano ililala. Akakiweka chini taratibu, akafuta paji la uso kwa ncha ya kilemba.

"Fyuzi ingekatika?" Salim akauliza.

"Labda."

Salim akavua kofia baada ya hiyo labda. Nami sijawahi kuisahau. Ni neno dogo, lakini siku ile lilijaza chumba.

Dada Mwanaisha alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alikuwa na ndoo mkononi. Sisi sote tukaitazama ile ndoo.

"Nilikuwa nainywesha," akasema.

Nyie mliozaliwa huku mtauliza, mtu anainyweshaje sakafu. Nyumbani sakafu mpya ya saruji hunyweshwa maji. Jua lile linainyonya kabla haijashika, basi wanawake wa nyumba huimwagia asubuhi na jioni, wanaifunika magunia, wanaimwagia tena, mpaka iwe chuma. Mama yetu alifanya hivyo. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunapewa vikopo tumwage, ulikuwa mchezo. Dada alikuwa akiinua plastiki kila asubuhi mimi na Salim tukishatoka, anaimwagia chumba cha mwanawe maji kwa upendo, ili isije ikapasuka, ili ule umeme ufunikwe *vizuri*. Lakini Small Heath hakuna jua la kuyanywa. Maji yale hayakuwa na pa kwenda ila chini.

"Nimemuua," dada akasema. "Ningemuua mwanangu."

"Mama," Fundi akamwambia, naye akapanda ngazi mbili akaichukua ile ndoo mikononi mwake kwa adabu, "Kisumu mimi ningekupa kazi leo leo. Mke yangu ndiyo alifanya hivyo kwa kila nyumba nilijenga. Mimi mzee mzima nilisahau kuuliza. Mpumbavu hapa anavaa kilemba."

Hakucheka mtu, lakini dada alikaa.

Rehema akabaki hospitali. Sisi tukafunua plastiki, tukafungua madirisha, tukakausha kwa mataulo. Salim alikuwa akirudi kutoka kwenye basi anapiga magoti bila hata kuvua koti, anakamua mataulo kwenye ile ile ndoo. Pale dirishani Fundi akapasua skridi kwa patasi, polepole kama daktari. Tukakuta nilichokisikia: uwazi wa kuingia ngumi, na ndani yake kiungo cha waya kimekaa ndani ya maji. Kundi lile la mwisho la mchanganyiko lilikuwa limekaa mno juu ya ubao kabla ya kuwekwa, likaanza kukauka, halikuukumbatia waya. Maji yalipokuja yakapata nyumba.

Fundi akakata kiungo, fundi wa umeme akakiunga upya. Kisha ikabidi tuchague tena, skridi ya kiraka. Fundi alitaka kavu kama ya kwanza ili isichelewe. Nami nikaogopa kavu. Nikaogopa na majimaji. Tulibishana juu ya karai moja la mchanga kama watu wanaochagua jina la mtoto. Mwisho tukaifanya yenye unyevu kidogo zaidi, kidogo mno, chini tukapaka uji wa saruji ishikane na ya zamani, na Fundi akaishindilia kwa kipande cha mbao huku akiniuliza kila mara, "Sura yako inasema nini?"

Halafu tukangoja. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii na hakuna pampu inayolipunguza. Huwezi kuikausha sakafu kwa joto lake yenyewe. Itakunjika pembeni na kupasuka katikati. Inakauka kwa hewa na kwa subira yako. Siku sindano ilipopanda, Fundi alizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu. Umeme ukafunguliwa kidogo, kesho yake kidogo zaidi, kama unavyopasha maziwa ya mtoto.

Chumba kikawa na joto, na mtoto akaletwa nyumbani. Dada akapita naye mbele ya mlango ule bila kugeuza shingo, akapanda naye juu, kwenye chumba chenye baridi.

"Siwezi," akasema. "Msinilazimishe."

Alimfunga Rehema blanketi juu ya blanketi, akampakata usiku na mchana. Mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, kama cha paka. Nesi akaja, akashuka chini, akasimama ndani ya chumba chetu, akafungua vifungo vya koti lake kwa joto, akapanda tena juu akasihi. Fundi akaja na kisanduku akamwonyesha dada sindano. Dada akaitazama sindano kama mtu anayetazama maneno ya Kichina. Na siku moja nikamkuta Salim uani anaufuta vumbi ule mtungi wa mafuta ya taa.

"Nifanyeje, Zuhura?" akaniambia, hata hakuniita shemeji. "Kikohozi hicho unakisikia?"

Kesho yake niliuona mtungi umesimama kwenye kizingiti cha jikoni, umejazwa, unanuka. Nikauogopa kuliko umeme wote wa Birmingham.

Rehema mwenyewe, aliyekuja kutambaa juu ya sakafu ile ile, leo ni mama mtu mzima, hapendi kuvaa viatu ndani ya nyumba, anakuja kwangu na kuvitupa mlangoni kama mtoto. Ananiuliza kwa Kiingereza kwa nini nina tabia ya kugonga sakafu yake, nami namjibu kwa Kiswahili kwamba nabisha hodi. Kwa hiyo mnajua mwisho ulikuwa mwema. Lakini mimi sikuujua alasiri ile. Salim alikuwa kazini, dada yuko juu na mtoto na kikohozi chake, Fundi ameshakwenda zake. Mashine ilikuwa imesema ndiyo, mafundi wawili wamesema ndiyo, nesi amesema ndiyo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvua viatu mle ndani. Wote walisimama juu ya soli za mpira.

Nikaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Nikavua viatu. Nikavua soksi, nikazikunja, nikaziweka ndani ya viatu kama mtu anayetaka vitu vyake vikutwe vimepangwa. Nikasema bismillahi. Nikaingia.

Sakafu ilikuwa na joto kama mgongo wa mtu aliyelala. Nikatembea mpaka dirishani, kwenye kiraka, mahali pa kitanda. Nikalala chini kifudifudi, mikono nimeitandaza, shavu juu ya saruji, nikakaa hivyo mpaka moyo ukaacha kunipiga masikioni na nikaweza kusikia kitu kingine. Mpini wa ufagio sikuwa nao. Nikakunja kidole, nikagonga.

Ko.